Picha za Ng'ombe

"Kaka Kalisti, picha zote umeshazihamisha?" binti aliuliza. "Nifute za zamani?"

Kidole chake kilisubiri juu ya kitufe, ukucha umepakwa rangi ya dhahabu.

Programu hii ya kuuzia ng'ombe hapa Kahama aliiunda Kalisti, picha akazirundika ndani ya hifadhidata mpaka ikawa nzito. Binti aliajiriwa juzi tu akitokea Geita, akashauri picha zikae kwenye folda pembeni, hifadhidata itunze tu anwani za mahali picha zilipo. Alipojaribu chache, zikafunguka upesi.

"Fundi ndiye huyu!" bosi alishangilia, akamwachia Kalisti kazi ya kuhamisha zilizobaki.

Kalisti hakuwa amehamisha hata moja; nakala pekee zilikuwa hizo za zamani. Alimwonea binti wivu.

"Zote, mdogo wangu," alijibu, akiutazama ukucha ule. "Futa tu."