Petroli Imefika

"Baba Ndinda! Rudi! Nimesema rudi!"

Mbula alikuwa anakimbia pekupeku, mikono imejaa unga wa chapati, leso ikimponyoka kiunoni. Mumewe hakugeuka. Levi alikuwa anateremka mbio kwenye mtaro wa barabara pale Katelembo, mtungi mtupu mkono mmoja, spana kubwa mkono wa pili. Chini kule lori la mafuta lilikuwa limelala ubavu, injini inavuja dizeli, na harufu yake imekaba kila koo.

Nusu ya soko ilikuwa imeshafika, na mitungi, na madebe, na hata mabeseni ya kufulia.

Na ungewalaumu vipi? Petroli ilikuwa imepanda bei mpaka watu wakaacha kuuliza, kisha ikakosekana kabisa. Pikipiki ya Levi, boda boda iliyolisha nyumba nzima, ilikuwa imeegemea ukuta siku zote hizo, na familia inakula chapati zilizokosa wanunuzi. Halafu asubuhi hiyo hiyo mkubwa wa kampuni ya mafuta akaingia redioni kutangaza faida. Faida, jamani! Mabilioni! Sauti yenyewe ilikuwa imenona. Watu wa Machakos wawe na subira, akasema, lori lao liko njiani.

Basi ndilo hilo, limefika.

Lakini Mbula hakuona petroli. Alimwona Kioko, mdogo wake wa mwisho, aliyeteremkia lori jingine hivi hivi na ndoo yake, mwaka ule, likalipuka. Walimzika jeneza likiwa limefungwa, na mama yao hakuruhusiwa kumtazama uso. Leo ni Levi.

Mbele ya bomba la kutolea mafuta, dereva alikuwa amesimama, mikono ameitandaza. Jina lake, Yasser, lilikuwa limeshonwa kwenye ovaroli ya kampuni. Lori limepinduka vile, na yeye hakuwa na hata mkwaruzo. Begi lake la nguo lilikuwa limekaa kando ya barabara, zipu imefungwa vizuri.

"Mungu ni mwema," mzee mmoja alisema. "Huyu amezaliwa mara ya pili."

"Ndugu zangu, nawaomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, ondokeni!" Yasser alikuwa analia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Mtakufa hapa! Chukueni pesa zangu za safari, gawaneni, mwende!"

Akazitoa mfukoni kabisa, akazinyoosha mbele ya watu. Mbula hakuwahi kuona mtu wa kampuni mwenye roho kama hiyo. Alitamani kumkumbatia.

"Mmesikia?" akapaza sauti. "Mwenye lori mwenyewe anawaambia!"

"Mwenye lori ameshiba," Levi alisema. "Songa, dereva. Wametunyonya vya kutosha. Leo ni zamu yetu."

"Kioko alisema hivyo hivyo!"

Levi akasita. Mbula aliona mabega yake yakilegea, akamkamata shati. Wakati huo simu ya Yasser ikalia, akaipokea huku mkono mmoja bado unazuia watu.

"Bosi, polisi wako wapi? Watu ni wengi, bosi! Wakifungua, tumekwisha!"

Neno hilo liliwatisha baadhi yao. Akina mama wawili walikwea barabarani na mitungi yao mitupu, bila kuaga mtu. Lakini wenzake Levi wa boda boda walisukuma kwa nguvu, dereva akaangukia matopeni, na Levi akajinasua. Kifungo cha shati kikabaki mkononi mwa mkewe.

Akapiga bomba kwa spana, chuma kwa chuma, na cheche ikaruka.

Watu wote wakajitupa chini. Dereva peke yake hakuinama. Alikuwa ameinuka na kukodolea bomba macho.

"Levi!" Hilo jina Mbula alikuwa hajalitamka tangu harusi. "Levi, nakuomba! Nitaenda kumwambia nini mtoto?"

"Mama Ndinda, toka hapa! Enda!" Sauti yake ilitetemeka, hata yeye alikuwa anaogopa. Akapiga tena.

Aiya, mtu mkaidi huyu! Mbula alimrukia kwa nyuma, akamfunika kichwa na mabega kwa leso yake, akamkumbatia kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Pigo la tatu lilikuwa limeshaanza kushuka, na bomba likakatika.

Yalitoka kwa kishindo, yakawapiga kifuani, yakawaangusha wote wawili. Mbula akafumba macho, akasubiri moto. Yalimwingia puani, yakamjaa mdomoni, akayameza bila kutaka.

Moto haukuja.

Akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akalamba midomo. Akalamba tena, maana hakujiamini.

"Baba Ndinda," akasema polepole, "ni maji."

Watu waliinuka mmoja mmoja, wakatazamana. Mwanamke mmoja akasogeza mtungi wake chini ya bomba, akakinga.

Yasser alikuwa amekaa matopeni, simu sikioni. "Bosi, wamefungua, wamejua ni maji," alisema. "Si mliniambia nikiliangusha hapa, polisi watafika kabla ya watu?"