Kasri la Mwalimu Gerishon

"Hapa ndipo sultani alikuwa akilala," Mwalimu Gerishon alisema, akiruka magugu. "Na pale ni bafu. Maji hayakufika hata siku moja."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Kila mwaka, akimaliza kuwafundisha kuhusu kasri la kale la Gede, aliwaleta Munyaka, mtaa wa Eldoret, waone gofu lingine. Sultani wa hili alikuwa yeye mwenyewe.

Alilijenga baada ya safari moja ya Pwani kumpanda kichwani. Kila mlango aliuwekea tao lililochongoka, kama yale ya Gede. Hakuna fundi Eldoret nzima aliyeweza kutengeneza mlango wa kuziba tao hilo, kwa hivyo sultani na mkewe Leonida walikaa miaka miwili sebuleni wamejifunika blanketi.

"Utawala uliisha lini, Mwalimu?" Joy aliuliza.

"Januari 2008, wakati wa fujo za uchaguzi. Tuliposikia mayowe, sultani alitoroka na kiatu kimoja na ramani ya nyumba. Malkia ndiye aliyekumbuka watoto."

Wakacheka tena. Yeye mwenyewe aliacha kucheka alipofika kwenye ukuta mweusi.

Habari kwamba nyumba imeteketea iliwapata njiani, Timboroa, wakiwa juu ya lori. Aliporudi mwaka uliofuata, alikuta mikono ya jirani yake Kipyego imejaa makovu ya moto. Hakuuliza kitu. Miaka kumi na mitano sasa, Kipyego akija kumsalimia, yeye huvuka barabara. Leonida alimsihi amsikilize mzee wa watu. Alikataa.

Siku hiyo Kipyego alikuwa amesimama kwenye tao la mlango, na hapakuwa na njia nyingine ya kutokea.

"Mwalimu, kila mwaka nasikia ukiambia hawa watoto adui alichoma kasri."

"Kwani ni uongo?" Gerishon aliuliza. "Hiyo mikono, Mzee, iliungulia wapi?"

"Hapa. Jikoni kwako."

Wanafunzi wakageuka kuutazama ukuta mweusi.

"Wale vijana walipokuja, niliwaambia hii nyumba ni yangu. Wakapita," Kipyego alisema. Kisha akainamisha macho, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mwenzake.

"Mwalimu, mliacha maharagwe kwa moto."