Bakuli Lisilovunjika

Safari hii vipande vililetwa katika mfuko wa mkate. Mfinyanzi alivimwaga taratibu kwenye meza ya karakana, akavitambua. Bakuli lilikuwa kazi yake mwenyewe, pana, la bluu iliyokolea. Lilikuwa linarudi kwa mara ya tatu.

"Limeanguka tena," mteja alisema.

Mdogo wake mfinyanzi, aliyekuwa akitoa vikombe kwenye tanuri, alikuwa ameshampachika mwanamke huyo jina la Mama Bakuli. "Wenzake wananunua vyombo," alizoea kutania. "Yeye ananunua gundi."

Mfinyanzi hakuona cha kuchekesha. Alikuwa amekaa na udongo miaka mingi, na chombo kilichovunjika hakikumpiga chenga. Kingeanguka sakafuni, kingekuwa na mikwaruzo ya saruji. Hiki nyufa zake zote zilianzia mahali pamoja ukingoni. Kilikuwa kimegonga kitu kigumu, ila si kigumu kama sakafu.

"Hili halikuanguka," alisema. "Lilipigizwa."

Mama Bakuli aliuvuta mtandio mbele kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Hasira, dada," alisema. "Ikishapanda, mkono hauoni."

"Mumeo anakunywa?"

"Yule? Wala hagusi. Mpole, muulize mtu yeyote."

Mfinyanzi aliwahi kuwasikia wapole wa namna hiyo. "Na watoto?"

"Wakisikia sauti zinapanda wanajifungia chumbani. Wameshazoea." Akavisogeza vipande kwa kidole. "Niungie tu. Nataka likae mezani kama vile hakuna kilichotokea."

Mfinyanzi alivipanga, kimoja kwa kingine. Pale ukingoni, pale hasa nyufa zilipoanzia, palibaki pengo la ukubwa wa punje ya hindi.

"Kimoja hakipo."

"Nimefagia mpaka chini ya kabati. Hakikuonekana."

"Basi hili siliungi. Nitakufinyangia jingine, bure. Nipe muda likauke."

Mama Bakuli alipoondoka, mfinyanzi alikaa kwenye gurudumu, lakini udongo ulimkataa. Kila alipouweka katikati ulimponyoka ukaenda upande. Aliogopa, basi. Aliogopa kwamba mara ya nne hataletewa vipande, ataletewa habari za msiba.

"Mambo ya mke na mume hayo," mdogo wake alimwambia. "Kesho watapatana, wewe utabaki mbaya wao."

"Na akimuua?"

Mdogo mtu akainama kwenye vikombe vyake.

Bakuli jipya lilifinyangwa kwa ubishi. Mfinyanzi alilipa kuta nene, kitako kipana, na uzito ambao mtu hawezi kuunyanyua kwa mkono mmoja akiwa na hasira zake. Udongo ungali mbichi, akaligeuza na kuchora kitakoni namba yake ya simu, kubwa, ya kusomeka. Alilikausha polepole mno, akalichoma kwa moto mkali. Lilipotoka tanurini aliligonga kwenye ukingo wa meza. Meza ikabonyea.

"Dada," mdogo wake alisema, "hili likimwangukia mtu kidoleni tutashtakiwa."

Mama Bakuli alikuja kulichukua asubuhi. Kitambaa cha mkononi kilikuwa kimeshatolewa. Mfinyanzi alimvuta pembeni, akaligeuza bakuli, akamwonyesha namba.

"Mambo yakiharibika nipigie, saa yoyote. Kwangu kuna chumba. Usimwonyeshe mtu hii namba, sawa?"

"Sawa, dada."

"Na hili halivunjiki. Nimelijaribu."

Mama Bakuli alilichukua kwa mikono miwili, akalipandisha, akalishusha, akipima uzito wake. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alitabasamu vizuri.

"Zito kweli," alisema. "Ahsante sana, dada yangu."

Mfinyanzi alishinda siku hiyo na moyo mweupe. Hata yale mabaki ya zamani aliyaunga, kwa kujifurahisha tu, akaliweka bakuli rafuni na pengo lake.

Siku chache baadaye, mwanamume mmoja aliingia karakana amevaa kofia ya sufu, na nje jua linawaka. Mwembamba, mabega yameinama. Alisimama mbali na meza kama anayeogopa kugusa vitu vya watu.

"Samahani, dada. Mimi ni mume wa yule wa bakuli la bluu."

Hofu na hasira vilimpanda mfinyanzi kwa pamoja. Alishika simu yake. Mdogo wake naye akasogea mlangoni.

"Mkeo yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Hana neno."

"Umemfanya nini?"

Mwanamume aliliona bakuli la zamani rafuni. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa pamba iliyokunjwa, akaifungua juu ya meza. Ndani yake palikuwa na kipande cha bluu, cha ukubwa wa punje ya hindi.

"Kidonda kilikuwa kinakataa kupona," alisema. "Daktari amekitoa jana."

Mfinyanzi alikichukua. Akakipeleka rafuni, akakigusisha kwenye pengo. Kikaingia sawasawa.

"Umejuaje ni mimi niliyelitengeneza?" aliuliza.

"Namba yako. Iko kitakoni mwa lile jipya." Mwanamume alivua kofia polepole, bandeji ya kichwani ikaonekana. "Nimeisoma alipokuwa amelinyanyua."