Fomu ya Kumi na Mbili

Washiriki walikuwa kumi na mmoja. Fomu zilikuwa kumi na mbili.

Mkufunzi alizihesabu mara tatu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuiamini hesabu ya kwanza, hata iwe yake mwenyewe. Kumi na moja zilisema yale ambayo fomu za tathmini husema siku zote: somo zuri, feni itengenezwe, ahsante. Ya kumi na mbili iliandikwa kwa herufi kubwa, za mtu anayeficha mwandiko: MKUFUNZI HUULIZA SWALI, KISHA HULIJIBU MWENYEWE. TUNASHUKURU KUALIKWA KUYASHUHUDIA MAZUNGUMZO HAYO.

Sentensi ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Angependa kuwa ameiandika yeye.

Katika chumba kile cha mafunzo, juu ya ghala la kiwanda cha chupa, wa kushukiwa alikuwa mmoja tu. Mbele alisimama yeye mkufunzi. Katikati waliketi wafanyakazi kumi na mmoja waliokuwa wakijifunza kukagua glasi. Na nyuma kabisa, Mama Pacha na daftari lake. Mama Pacha alikuwa ametolewa kwenye tanuru, baada ya miaka tisa ya joto, ili ajifunze ukufunzi chini yake kwa miezi mitatu. Mwishoni ingeandikwa ripoti moja: athibitishwe, au arudi motoni.

"Unaandika nini muda wote huo?" mkufunzi alimuuliza.

"Unavyofanya, dada."

"Vyote?"

"Hata unavyokohoa," alisema Mama Pacha, akacheka peke yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, mkufunzi alijiambia, na tangu siku hiyo akaanza kufunga droo kwa ufunguo.

Kila Ijumaa mkuu wa mafunzo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Rula kwa kunyooka kwake, alilifungua sanduku la maoni na kumletea fomu. Rula ndiye aliyemfundisha kazi, miaka kumi na tisa nyuma, alipokuwa binti mkaguzi wa chupa. Sasa Rula alikaribia kustaafu, na meza yake ilizidi kuwa tupu. Na kila Ijumaa fomu moja ilizidi.

SOMO HUTOLEWA KWA UBAO. SISI NI WASINDIKIZAJI.

Wiki iliyofuata: AMESEMA "KAMA MNAVYOJUA" MARA ISHIRINI NA TATU. TUNGEJUA, TUNGEKUWA HAPA?

Kisha: VUMBI LA CHAKI LINATUFIKIA KULIKO SOMO.

Chaki iliondolewa chumbani humo miaka sita iliyopita. Uongo wa wazi kiasi hicho, aliona mkufunzi, hutungwa na mwenye chuki, si mwenye macho.

Hata hivyo aliacha kuyajibu maswali yake. Aliupa ubao mgongo. "Kama mnavyojua" ilipomfika ulimini, aliimeza. Hakufanya hivyo kwa kukubali kosa. Alikuwa akimnyima adui silaha. Wafanyakazi wakaanza kuinua mikono na kuuliza, jambo ambalo nalo alilitilia shaka.

Mwishowe alipeleka malalamiko kwa Rula.

"Huyu mwanamke anataka kiti changu, Mwalimu. Ulimi wake wembe."

Rula alikuwa akifunga majalada kwa kamba. "Mimi niliwahi kupatwa na mmoja mkali kuliko huyo. Wiki kumi mfululizo."

"Ukamfanya nini?"

"Nikamwombea kazi kwenye kitengo hiki."

Uzee, mkufunzi aliwaza, hulainisha hata chuma.

Akatega mtego. Siku ya somo alimtuma Mama Pacha tanuruni kutwa nzima, akakague glavu zilizokwisha kukaguliwa juzi yake. Ijumaa fomu zilikuwa kumi na mbili kama kawaida. Mtu mwepesi angemwondolea mwanamke yule lawama papo hapo. Mkufunzi hakuwa mwepesi: mhalifu anayejua kwamba hatakuwapo, alihitimisha, huandika mapema.

Ijumaa ya mwisho, asubuhi, aliandika ripoti ya mistari miwili. "Ana bidii, lakini si mwaminifu. Hafai kuthibitishwa." Akatia saini, akaipeleka kwa mkono wake mwenyewe kwenye kamati, ambayo haikuwa na desturi ya kubishana na wakufunzi, wala ya kurudi nyuma ikishaamua. Kabla ya saa sita Mama Pacha alisimama mlangoni, viatu vyake vya tanuru mkononi.

"Nimekosea wapi, dada? Niambie tu, nijifunze."

"Unajua mwenyewe."

"Ningejua, ningeuliza?"

Mkufunzi alikaribia kutabasamu. Ilikuwa, kwa sura na kwa sauti, sentensi ile ile ya kwenye fomu. Ushahidi ulikuwa umejileta kwa miguu yake.

Alasiri Rula aliaga, akakabidhi funguo, akaacha jalada moja juu ya meza ya mkufunzi. Kwenye kifuniko alikuwa ameandika: "Hizi zilinitengeneza. Nimekunakilia moja kila wiki, nikaona zinakufaa nawe."

Ndani mlikuwa na fomu kumi za tathmini, karatasi zimegeuka manjano, tarehe zake za miaka kumi na tisa iliyopita, na kwenye nafasi ya mkufunzi jina la Rula. Ya kwanza ilisema kwamba mkufunzi huuliza swali, kisha hulijibu mwenyewe. Ya nne ililalamikia chaki.

Hizi hazikuwa za herufi kubwa. Aliyeziandika hakuwa amejificha: mwandiko ulikuwa wa kuunganisha, na kila y ilishuka kwa mkia mrefu uliopinda kushoto, mkia ule ule ambao mkufunzi alikuwa ameuacha asubuhi, katika saini yake, chini ya ripoti ya Mama Pacha.