Vikopo Vitano Dirishani

Vikopo vitano vilipangwa kwenye dirisha la stoo ya shule, vifuniko vimekazwa, na ndani yake hamkuwa na sukari.

"Choo cha asubuhi, kiasi cha ncha ya kijiko," bwana afya alikuwa amewaambia wote wanaogusa chakula. "Wanafunzi tisa wako hospitali na homa ya matumbo. Bakteria wake huweza kukaa ndani ya mtu mzima kabisa. Anakula, anacheka, wala hajui."

"Mtu mwenyewe tunamjua," Matroni alidakia, macho kwa mpishi mkuu. "Si aliugua mwaka jana?"

"Nilipona. Na mikono nanawa."

"Hata nzi hunawa mikono siku nzima, mama."

Wapishi wadogo watatu walicheka, kisha wakakumbuka bosi wao ni nani, wakageuza kicheko kikohozi.

Uhasama huo ulikuwa na miaka sita. Matroni aliingia jikoni kila siku na gauni jeupe lililonyooshwa hadi likaweza kukata mkate, akachovya kidole kila sufuria, akaonja, akakunja uso. Akipewa kijiko, alisema kidole chake ni kisafi kuliko vijiko vyao. Ndiyo maana naye alitakiwa kutoa kikopo. Alikitoa kwa madaha, kama anayetoa zawadi ya harusi.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshatoa neno lake: atakayekutwa na bakteria, aondoke siku hiyo hiyo. Kazi apoteze, na chumba cha wafanyakazi aache. Mpishi mkuu hakuwa na chumba kingine popote. Na usiku kucha aliwawaza wale wadudu wa mwaka jana, kama wapangaji walioaga huku wamebaki uvunguni.

Bwana afya alipokwenda ofisini kunywa chai, mpishi mkuu alijifungia stoo. Kila kikopo kilikuwa na kipande cha plasta chenye cheo cha mwenyewe. Alibandua yake, akabandua ya Matroni, akazibadilisha, akazikandamiza kwa dole gumba.

Alihitaji choo cha mtu msafi. Alimchukia Matroni hadi kivuli chake, lakini kwa usafi hakuna binadamu aliyemwamini zaidi.

Wiki moja baadaye, saa ya chakula cha mchana, mwalimu mkuu alisimama mbele ya kaunta ya jikoni na karatasi ya majibu. Wanafunzi mia nne walikuwa foleni, sahani mkononi.

"Wapishi wadogo, safi wote. Matroni, safi kabisa." Akainua macho. "Mpishi mkuu, wewe umekutwa nao. Tele."

Mpishi mkuu aliweka upawa chini.

"Si wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni wa nani, wa jirani?" Matroni alicheka hadi akashika mbavu. Halafu akanyoosha mkono. "Aproni."

Mpishi mkuu aliivua taratibu, akampa. Matroni aliifunga kiunoni, akaigeukia foleni, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akawatabasamia wanafunzi.

"Msiwe na wasiwasi, wanangu. Hadi apatikane mpishi mwingine, nitawapikia mimi mwenyewe."