Leonce Anafikiria

"Kifungo chekundu kiko wapi?"

Leonce alikitazama kifungo chekundu, ambacho kilikuwa mbele ya pua yake kabisa, akanyamaza. Oliva akaendelea kukanyaga cherehani. Akamaliza pindo la sketi, akakata uzi kwa meno. Ndipo mtoto aliponyoosha kidole.

"Hiki hapa, dada."

"Safi. Na cha kijani?"

Kimya kingine. Mathias, fundi viatu waliyekaa naye baraza moja pale mtaani Lizaboni, aliinua kichwa. "Oliva, huyo akiulizwa jina lake Jumatatu, atalijibu Alhamisi."

"Lakini atalijibu. Wewe mteja akiulizia kiatu chake unamjibu mwezi ujao."

Mathias akacheka, akarudi kwenye soli yake. Leonce akaonyesha cha kijani.

Usaili wa darasa la kwanza kwenye shule ya masista ulikuwa Jumamosi. Watoto wengi, nafasi chache, na wazazi wengine walikuwa wanawakaririsha watoto mpaka wanaota hesabu. Leonce hakuwa mjinga. Rangi alizijua, kuhesabu alijua, na herufi zote alizitambua Oliva alipomchorea kwa chaki ya fundi kwenye vipande vya vitenge. Shida yake ilikuwa kuanza. Ukimuuliza kitu anatulia kama anayesubiri maji yafike bombani. Ukimkaripia, hayaji kabisa.

Mama yao, Theodosia, alishajaribu fimbo. Mtoto hakusema neno mpaka kesho yake. Oliva aliichukua ile fimbo, akaitia jikoni chini ya sufuria ya maharage.

"Mama, huyu niachie mimi."

"Mchukue. Mimi nimezeeka, sina koo la kubembeleza."

Oliva aliogopa kitu kimoja tu. Leonce akikosa kwa masista, ataingia darasa ambalo watoto wamekaa mpaka sakafuni. Huko nani atamsubiri?

Na uzee wa Theodosia haukuwa uongo. Mvi zilishaanza kumtoka siku alipokwenda kukaa kwa dada yake kijijini, upande wa Mbinga, akarudi na Leonce mgongoni. Wanawake wa jumuiya walimletea khanga na maneno yao: "Mwenzetu, kumbe shamba bado linatoa." Wanaume walimnunulia mumewe, mzee Otto, pombe ya pongezi, naye akainywa bila kusema kitu. Aliyeumia ni Oliva. Alikuwa kidato cha tatu, akaenda na mama yake huko kijijini kumsaidia, na waliporudi hakurudi tena darasani. Mtoto alihitaji wa kumlea. Alijifunza cherehani huku Leonce amelala kwenye kapu la vitambaa.

Ijumaa jioni walifanya zoezi la mwisho.

"Sista akikuuliza na jibu halijafika?"

Leonce akafikiria. "Namwangalia tu."

"Unaogopa?"

Akafikiria tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. "Kama utakuwepo, hapana."

Jumamosi Theodosia alikalia kiti cha mzazi. Oliva akasimama mlangoni, sweta ya mtoto mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Sista Getruda, mwalimu mkuu.

"Milele, amina."

"Haya, kijana. Unaitwa nani?"

Kimya. Midomo ya Theodosia ikaanza kucheza. Oliva akamtikisia kichwa.

"Leonce Otto," alisema Leonce.

"Na mama yako?"

Kimya kirefu. Oliva akatazama dirishani.

"Theodosia."

Rangi alizipata. Hesabu akazipata. Alisoma hata neno lililoandikwa kwenye kalenda ya ukutani, ambalo hakuna aliyemuuliza. Sista akacheka, akamwambia aende nje kwenye bembea, kisha akafunga kalamu.

"Mama, majibu yote ni sahihi. Ila leo nimeona watoto wanaojibu hata sijamaliza kuuliza, na nafasi imebaki moja."

"Sista, ni mwoga wa wageni tu."

"Sijaona woga. Kabla ya kuja huku nilikuwa nesi wodi ya wazazi, ndiyo maana nauliza. Wapo watoto wanaochelewa hivi kwa sababu walipata shida wakati wa kuzaliwa. Hao nawapokea, nina mwalimu wao, ana subira. Lakini kama huyu hakupata shida yoyote, itanibidi nimpe nafasi mwenzake." Akamtazama Theodosia usoni. "Alipozaliwa, alilia?"

Theodosia akajiweka sawa kitini, kama mtu aliyeulizwa swali rahisi hatimaye.

"Alilia sana, Sista. Wodi nzima ilimsikia."

"Mara tu alipotoka?"

"Hapohapo. Huyu alikuwa na afya tangu mwanzo."

"Namshukuru Mungu," alisema Sista, akafungua tena kalamu yake. "Basi, mama, pole. Mwakani mjaribu tena."

Theodosia akauchukua mkoba wake. Nje mnyororo wa bembea ulikuwa unalia. Oliva alikuwa amefikiria kila swali ambalo mtoto angeulizwa. Hili hakulifikiria.

"Hakulia, Sista," alisema.

"Oliva," Theodosia akamwita, kwa sauti ya chini sana.

"Hakulia. Walimweka kwenye meza ya pembeni, wakawa wanamsugua mgongo. Na mimi nimelala pale wananishona, nawauliza mbona simsikii mwanangu."