Zambarau za Kumngoja Kobe

Msimu huo mzambarau wa bondeni ulizaa hadi matawi yakainama. Wanyama wakakubaliana kwamba hakuna atakayeonja mpaka wafike wote, na aliyekosekana alikuwa Kobe peke yake. Nguchiro, mpenda sheria, akapanda juu ya jiwe chini ya mti akalinda.

"Bwana Nguchiro, moja tu!" Ngedere mlafi akamsihi.

"Hata nusu! Sheria ni sheria!" akafoka Nguchiro, na ulimi wake ulikuwa zambarau tupu.

Ngedere akacheka hadi akaanguka chali. "Kumbe wewe umeshakula!"

"Nilikuwa... nakagua."

"Basi na mimi mkaguzi!" Ngedere akarukia tawi, akalitikisa, zambarau zikamwagika kama mvua. Wakala kwa mikono miwili, maji yake yakiwachuruzika hadi viwikoni, wakatupiana kokwa wakicheka.

Mara Nguchiro akashtuka. "Kobe akija tutamwambia nini?"

"Tutasema ni popo."

Hapo lile jiwe likacheua. Kichwa kikachomoza taratibu, ulimi wake rangi ileile.

"Tawi la juu bado," akasema Kobe. "Litikiseni, halafu tuendelee kumngoja Kobe."